Sixten Bohlin na Aibu ya Kupanda Ndege

Sixten Bohlin hakuwahi kumkaripia mtu kwa sababu ya ndege. Hilo nataka lieleweke mapema, maana wapo wanaomsimulia kama mzee mkali wa kunyoosha kidole, na hakuwa hivyo. Yeye alikuwa anauliza tu. Unarudi kutoka Krete, uso umeiva kwa jua, unaburuta begi lako ngazini, naye anatokea mlangoni na soksi zake za sufi, anatabasamu, anasema, "Karibu nyumbani, Rut. Umesafirije?" Basi. Haongezi neno. Nami nababaika kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, nasema bei ya treni siku hizi haishikiki, sijui magoti yananiuma, na mengine mengi ambayo hakuna aliyeniuliza. Mwaka uliofuata nilikata kikaratasi cha ndege kwenye begi nikiwa bado uwanja wa ndege. Pipa nililokitupia lilikuwa limeshajaa vikaratasi vya wenzangu.

Kwetu Uswidi jambo hili lina neno lake kabisa: aibu ya ndege. Lilishika kasi baada ya kiangazi kimoja cha ukame, nyasi za uwanja wetu zilipogeuka rangi ya karatasi ya kaki na misitu ya kaskazini ikawaka wiki kwa wiki. Watu wakaanza kuulizana moshi wa safari zao unaenda wapi. Wengi walisema tu. Sixten aliacha kweli.

Na alikuwa na haki ya kusema habari za reli, kwani maisha yake yote ya kazi aliendesha tramu, zile treni za mitaani, hapa Göteborg. Mke wake alifariki binti yao Tuva akiwa darasa la tatu. Siku ambazo hakupata wa kumwachia, Sixten alimbeba mtoto kazini, akamsuka nywele kwenye kituo cha mwisho, pale madereva wanapomaliza kahawa kabla ya kugeuza tramu. Alisuka vibaya, Tuva mwenyewe anasema. Ujanani alipanda ndege kama sisi sote: kila majira ya baridi wiki mbili Visiwa vya Kanari, kaptula fupi, ngozi nyekundu. Kisha Tuva akaenda kusoma Vienna, akaolewa huko, akabaki. Baada ya kiangazi kile, Sixten alisimama kwenye kikao cha wakazi wa jengo letu, mikate ya mdalasini ikiwa bado ya moto mezani, akasema hatapanda tena ndege mpaka anakufa, na Vienna atakwenda kwa treni.

Akaenda kweli, mara nne. Aliporudi mara ya kwanza alitundika ramani ya Ulaya kwenye ukumbi wetu mdogo wa chini, akavuta uzi mwekundu wa sufi kutoka Göteborg, Malmö, Copenhagen, Hamburg, hadi Vienna. Alikuwa akitueleza kwamba ukipiga mstari ulionyooka, mji wetu na Vienna vimeachana kama kilomita elfu moja na mia moja, lakini reli inazunguka mpaka inakaribia elfu moja na mia saba, na kila moja ya hizo mia sita za ziada ina kitu cha kutazama. "Ndege imetuzoeza kuamini kwamba Vienna iko karibu," alisema. "Haiko karibu. Iko mbali, na ina haki ya kuwa mbali." Tulipenda maneno kama hayo. Muda wa ndege hakuutaja kamwe. Ukimuuliza, anakujibu kwa upole kwamba hilo siyo swali.

Juu yake, ghorofa ya tatu, anaishi Gunvor Lindahl, aliyekuwa muuguzi wa shule. Hakuolewa. Ndugu yake pekee alikuwa kaka yake Helmer, fundi seremala, naye kwa bahati alikuwa akiishi hukohuko Vienna tangu kijana. Gunvor ni mtu wa haya. Akikukanyaga anaomba radhi, ukimkanyaga anaomba radhi.

Siku moja ya Machi, mchana, nilisikia sauti ngazini nikafungua mlango, kitambaa cha vyombo mkononi. Gunvor alikuwa amesimama nusu ya njia na koti amelivaa vibaya, kifungo cha juu kwenye tundu la pili. Sixten alikuwa mbele yake.

"Hospitali wamepiga simu," Gunvor alikuwa akisema. "Helmer hali yake mbaya. Wamesema nisikawie."

"Pole sana, Gunvor. Pole mno." Na ilitoka moyoni, namjua.

"Nilikuwa nakwenda kwa Rut hapa, anitafutie tiketi ya..." Neno lenyewe lilimkwama.

Sixten hakumkatalia. Alitazama chini, kwenye mikono yake. "Uamuzi ni wako, jirani," akasema. "Hakuna atakayekusema. Ila ukiondoka leo jioni kwa treni, kesho jioni uko Vienna. Nimepita njia ile mara nne, nitakuandikia kila kituo. Ni usiku mmoja tu."

"Usiku mmoja?"

"Mmoja tu."

Gunvor alinitazama mimi, akamtazama yeye, uso ukamwiva mpaka masikioni. "Basi treni," akasema harakaharaka, kama mtu anayerudisha rafuni kitu alichokuwa karibu kukiiba. Nami nilisimama pale na kitambaa changu, sikutia neno.

Usiku ule upepo ulivuma hadi daraja la kuvukia Denmark likafungwa. Gunvor alikesha kwenye benchi la kituo cha Malmö. Alipofika Hamburg treni ya Vienna ilikuwa imekwisha kuondoka, akasubiri nyingine. Helmer alikata roho alasiri ya kesho yake, dada yake akiwa bado kituoni. Wauguzi walisema alikuwa anauliza, mara kwa Kijerumani, mara kwa Kiswidi, kama Gunvor ameshafika.

Haya yote jengo zima tulijua. Aprili tukawa na kikao cha wakazi, na Sixten, ambaye hana ubaya na mtu, akaona ni vyema kumfariji mfiwa. Akasimama. Akasema ni rahisi kuwa na msimamo siku za raha, lakini mwenzetu Gunvor ameushika siku ya msiba, na ametuonyesha sote njia. Tukapiga makofi. Gunvor alikuwa ameketi karibu yangu, anakizungusha kikombe chake kwenye kisahani, anakizungusha, anakizungusha. Kisha akasema asante. Nilitamani kufa.

Sasa njoo mwaka uliofuata, Novemba. Haya ya ndani Sixten alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa sababu alipoanza kusema hakuweza kuacha.

Tuva alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi mkwe wake Sixten alimpigia simu kutoka Vienna akilia, akasema Tuva ametokwa na damu nyingi, wamempeleka chumba cha upasuaji, hajui. Hakusema hajui nini. Sixten alikuwa amesimama jikoni, siagi kwenye kisu. Aliniambia kwamba treni haikumjia akilini hata mara moja. Ile ramani, ule uzi, mara nne zote, ilikuwa kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kumtajia reli. Vidole vyake vilinunua tiketi ya ndege kwenye simu, kwenda na kurudi, vikiwa bado na siagi.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nilikutana naye ngazini akishuka na begi la mgongoni. Aliniambia habari za Tuva. "Utakwenda na treni gani?" nikamuuliza, maana ndivyo tulivyokuwa tumezoeshwa kuuliza. Akajibu, "Ya mchana," bila kunitazama. Alipanda tramu mpaka stesheni kuu, kama msafiri yeyote wa reli, na kutoka hapo akapanda basi la uwanja wa ndege, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Kwenye foleni alimwona mwanamke aliyewahi kuja kusikiliza habari za ramani yake. Alijificha nyuma ya nguzo. Binti yake alikuwa mezani anapasuliwa, naye, mtu mzima wa miaka sabini na mmoja, anaambaaambaa na nguzo. Aliposimulia hapo alifunika uso.

Tuva alipona. Mtoto, msichana, alitolewa akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, akalazwa kwenye kitanda cha kioo, na akakataa kufa. Sixten alifika binti yake alipokuwa anafumbua macho. Alimshika mkono. Siku zile alikuwa na furaha kubwa kuliko zote maishani mwake, na kila furaha ilipomjaa, Gunvor alisimama mbele yake na koti lake lililofungwa vibaya.

Angeweza kurudi kwa treni. Tiketi ilikwisha lipwa, alijiambia, na ndege itaruka awepo asiwepo. Ndiyo maneno tuliyokuwa tukimwambia sisi, naye alikuwa akituhurumia. Siku ya kurudi akaniandikia kwenye simu: Tuva mzima, mtoto mzima, naondoka jioni hii kwa treni, nitafika kesho usiku. Wakati ananiandikia hayo alikuwa ameshafika nyumbani, juu ya kichwa changu, ameketi gizani.

Kwa hiyo siku nzima ilibidi asiwepo. Hakuwasha taa. Alitembea kwa soksi, akipita pembeni mwa sakafu ambapo mbao hazilii. Hakuchemsha kahawa, maana harufu ya kahawa hapa jengoni inapenya mpaka ngazini, akala mkate mkavu kwa maji ya bomba yaliyofunguliwa kidogo. Asubuhi akawaza kwamba akijikaza kisabuni mpaka usiku, yatakwisha. Hapo ndipo alipokumbuka kufuli lake.

Chumba cha kufulia kiko chini ya ardhi, ni cha wote, na kila nyumba ina kikufuli chenye namba unachokitia kwenye ubao penye siku na saa zako. Sixten alikuwa ametia chake wiki mbili kabla: Alhamisi, saa nne hadi saa saba. Katika haraka ya kuondoka alisahau kukitoa. Na leo ilikuwa Alhamisi. Asiyeishi hapa hawezi kuelewa. Kwetu mtu anasamehewa talaka, anasamehewa hata kuchelewesha kodi, lakini mtu aliyeshika saa za kufulia akaacha mashine zikae tupu, na mwenzake ana nguo chafu, huyo anajadiliwa. Sixten aliketi gizani anaiona ile namba yake ubaoni. Alikuwa amedanganya jengo zima, lakini kupoteza zamu ya kufua alishindwa. Akajiambia ni mchana wa siku ya kazi, kule chini hakuna mtu, na nguo zake zinanuka hospitali. Akatia nguo kwenye mfuko akashuka.

Kule chini tulikuwepo mimi na Gunvor.

Zamu iliyotangulia ilikuwa ya Gunvor, nami nilikuwa nimeshuka kumsaidia shuka zake, kwa kuwa shuka huwezi kuikunja vizuri peke yako. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mnavuta. Tulikuwa tumepitiliza. Saa ya ukutani ilikwisha pita saa nne. Mlango ulipofunguka, Gunvor alianza kuomba radhi kabla hajaona ni nani.

"Samahani, samahani sana, tumekula muda wako, tunamaliza sasa hivi..." Akainua macho. "Sixten."

Sixten alisimama mlangoni na mfuko wake. Uso ulimshuka, ukamshuka tena. Mimi nina mdomo, hilo kila mtu anajua, na mdomo wangu ulitangulia akili.

"Wewe si uko Hamburg?"

"Ningekuwa Hamburg," akasema.

Mashine moja ilikuwa bado inazunguka. Nilikuwa nimeshika upande wangu wa shuka, Gunvor wake, na shuka ilikuwa imenyooka katikati yetu, hakuna anayejua aikunje au aiachie.

"Mtoto hajambo?" Gunvor akauliza.

"Hajambo. Ananyonya kidogo."

"Na Tuva?"

"Tuva pia. Gunvor, mimi..."

"Ulirudi kwa ndege."

"Ndiyo."

"Na kwenda?"

"Na kwenda."

Niliona haya kana kwamba ni mimi niliyekamatwa. Nilitamani aape kwamba treni zote zilikuwa zimejaa, adanganye japo kidogo, ili tupumue. Hakudanganya. Alikuwa amechoka na uongo, nadhani, au alijua kwamba mbele ya Gunvor hauna pa kukaa.

"Ni muda gani?" Gunvor akauliza.

"Muda gani wa nini?"

"Angani. Kutoka hapa mpaka Vienna. Siku zote ulisema hilo siyo swali. Na mimi baadaye sikutaka kuliuliza, niliogopa kujua. Sasa niambie."

Sixten aliweka mfuko chini. "Masaa mawili," akasema.

"Mawili."

"Na dakika chache."

Gunvor alitikisa kichwa polepole, siyo kukataa, alikuwa anahesabu. Nilimwona akihesabu, nikataka kumziba macho. "Rut angenitafutia ya asubuhi iliyofuata," akasema. "Kabla ya saa sita mchana ningekuwa kitandani kwake. Alikufa saa kumi. Tungekaa mchana mzima." Sauti yake haikupanda. "Ulikuwa unajua, siku ile pale ngazini? Kwamba ni masaa mawili?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia ni usiku mmoja tu."

"Nilifikiri... Gunvor, Mungu ananiona, nilifikiri nakusaidia usije ukajuta."

"Ulifikiri hivyo," Gunvor akasema, "kwa sababu mgonjwa hakuwa wako."

Akaja kwangu, akanikabidhi upande wake wa shuka, akaweka zile nyingine kwenye kapu, akachukua kapu lake akapita. Mlangoni Sixten alijibana ukutani kumpisha. Gunvor, kwa mazoea, akasema samahani.

Sixten alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine akalia, na hapo ndipo aliponisimulia yote niliyoyaandika: siagi, nguzo, mkate mkavu. Sikumfariji. Zamu yake ikapita bila kufua hata soksi moja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejali.

Desemba kwenye kikao cha wakazi alisimama mwenyewe. Aliisema habari yote mbele ya watu, ndege ya kwenda na ya kurudi, na ule uongo wa simu. Nilidhani watamrarua. Wapi. Watu walifurahi, walipumua kama waliofunguliwa mkanda baada ya kushiba. Jirani wa ghorofa ya nne akasema hata yeye alikwenda Malaga kimyakimya. Mwingine akasema kila mtu ni binadamu, bwana, kunywa kahawa. Wakampigia makofi, makubwa kuliko yale ya Aprili. Sixten alisimama katikati ya makofi yale akitazama kiti cha pembeni yangu, ambacho kilikuwa kitupu. Kesho yake ramani haikuwepo tena ukutani, na wala hakuna aliyeiuliza.

Nyumba zao bado ziko vilevile, ya Gunvor juu, ya Sixten chini. Wanasalimiana. Mjukuu ameshaota meno, na picha yake Sixten huionyesha kila mtu jengoni isipokuwa mmoja. Aliniuliza mara mbili tatu kama Gunvor amesema lolote. Hajasema.

Machi mwaka huu, mwaka wa pili tangu Helmer azikwe, nilikuwa nafagia mbele ya mlango wangu Gunvor aliposhuka na begi. Anakwenda kuona kaburi. Sixten naye alikuwa anapanda na mkate wake wa asubuhi. Akasimama kumpisha. Niliona kabisa kwamba lile swali lake la zamani limemfika ulimini, na kwamba angekubali ulimi wenyewe ukatwe kuliko kuliuliza. Badala yake akanyoosha mkono kwenye begi.

"Nikushushie?"

"Asante, ni jepesi," Gunvor akasema. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa adabu na aliona mwenzake amekwama, akamjibu lile ambalo hakuulizwa. "Nakwenda kwa treni, Sixten. Sasa sina haraka."